Kwa Hisani ya Mtandao

Saluni ya Carlota pale Chikongola haina nafasi ya kukaa, na haijawahi kumkosesha mtu pa kukaa. Wanaosukwa wako kwenye viti, wanaosubiri wako kwenye benchi, na wasiosukwa wala kusubiri, ambao ndio wengi, wako mlangoni na juu ya ndoo zilizogeuzwa. Hakuna ndoa iliyovunjika mjini Mtwara bila kuvunjikia pale kwanza. Carlota anapenda hivyo. Saluni ikiwa kimya mikono yake inakuwa mizito na nywele zinamshinda.

Siku hiyo aliyekuwa kitini ni Zuhura, muuza vitumbua na mwenye habari zote, kichwa kimesukwa upande mmoja, upande wa pili nywele zimesimama kama zimesikia jambo. Asubuhi alikuwa amepeleka vitumbua chuoni kwenye maonyesho ya kazi za wanafunzi, na sasa alikuwa akiyatoa maonyesho hayo kwa mpangilio wake mwenyewe: nani kavaa nini, mwalimu gani kanenepa, nani kasimama karibu mno na nani. Halafu, kama mtu aliyekumbuka kuwa hakufunika sufuria, akasema kuwa amemwona Bibi Celia ukutani.

Mikono ya Carlota ilisimama. Bibi Celia alikuwa mama yake, na tangu masika ya mwaka juzi alikuwa amelala kaburini kule Mahurunga, karibu na Mto Ruvuma.

"Umemwona nani?"

"Mama yako, shoga. Picha, kubwa kama mlango. Mimi nikajua umewapa wewe."

Carlota akauliza imeandikwa nini chini yake. Zuhura, ambaye neno halijawahi kumkwama kooni, akajibu kwamba hakuwa na miwani. Saluni nzima ilijua kuwa Zuhura hana miwani na hajawahi kuihitaji. Anasoma ujumbe kwenye simu ya mtu aliyekaa benchi la pili. Carlota akachomeka kitana kwenye nywele zake mwenyewe, akamtupia Zuhura kanga ya kufunika ule upande uliobaki, na wakatoka. Waliokuwa wakisubiri wakaambiwa wasubiri. Wakakubali, maana kwa vyovyote vile kungekuwa na habari.

Ndani ya bajaji Carlota alitazama barabara tu, na Zuhura akaona hiyo ni dalili mbaya.

Carlota alijua picha ipo moja tu. Bibi Celia amekaa mkekani anamenya mihogo, mdomo wazi, nembo za usoni zinang'aa kwa mafuta ya nazi. Carlota ndiye aliyeiweka fesibuku siku ya arobaini, na baadaye akasikia kuwa ukurasa fulani wa mambo ya kale umeichukua na watu wasiojulikana wanaipitisha huku na huko. Hilo lilimkera, akalinunia, likapita. Lakini ukutani chuoni ni jambo lingine. Ukutani watu wanasimama na kutazama.

Na nembo zile hazikuwa za kutazamwa na kila mtu anavyotaka. Bibi Celia alizaliwa ng'ambo ya mto, uwanda wa Mueda, akachanjwa usoni tangu usichana, mistari ya pembepembe mashavuni na kwenye paji. Watoto wa mjini walipomwona walijificha nyuma ya mama zao, wakubwa wakajifanya hawacheki. Yeye hakujali. Ukimsifu nembo zake hakusema asante. Kwanza alikutajia fundi aliyemchanja, mzee Nankali, akakutajia na kijiji cha fundi, ndipo akakuacha uendelee kusifu. "Sura yangu," alikuwa akisema kwa lafudhi yake ya Kimakonde, "lakini kazi ya ntu."

Ukumbini Carlota hakuhitaji kuonyeshwa. Mama yake alikuwa katikati ya ukuta wa mbele, mkubwa kuliko alivyokuwa hai. Uso tu, shingo na bega, mdomo umeachama. Juu kabisa ya bango kulikuwa na nembo ya chuo, imeandikiwa kwa herufi ndogo kwamba ni mali ya chuo na isitumike bila kibali. Chini ya kidevu cha Bibi Celia paliandikwa: MWATHIRIKA WA MILA POTOFU. Na chini zaidi: Picha kwa hisani ya mtandao.

Carlota alisoma mara ya kwanza kimya. Mara ya pili akasoma kwa sauti, na wale wanafunzi waliokuwa wakipiga soga dirishani wakageuka. Akauliza kazi hii ni ya nani, akauliza tena, mpaka akajitokeza kijana mwembamba mwenye shati jeupe na tai, mikono nyuma. Akaamkia vizuri. Akasema anaitwa Elisha, anatoka Singida, na kazi yake inahusu mila za watu wa kusini.

"Huyu ni nani?" Carlota akauliza, kidole usoni mwa mama yake.

Elisha akatazama picha kana kwamba ndiyo kwanza anaiona. "Ni bibi mmoja wa Kimakonde, mama."

"Bibi mmoja. Nani kakupa?"

"Nimeitoa mtandaoni. Haina mwenyewe."

Zuhura akarudi hatua nyuma. Ameshawahi kuona maji ya moto yakimwagwa, na alijua pa kusimama.

"Haina mwenyewe," Carlota akasema taratibu. "Mimi ndiye mwenyewe, mwanangu. Huyu kanizaa. Sasa nisomee hapa umeandika nini. Kwa hisani ya. Unajua hisani wewe? Hisani huombwa. Mtu anaombwa, anafikiri, anatoa au anakunyima. Mama yangu ulimwomba lini? Mimi uliniomba lini? Na huyo Mtandao ni mtoto wa nani, mbona msibani sikumwona?"

Watu wakacheka, na kicheko hakikumpoza, kilimwongezea mafuta. Akamwuliza Elisha kama hiyo nembo ya chuo pale juu nayo aliiokota tu, au aliiandikia barua. Elisha akakiri kwamba aliomba kibali ofisini. Akamwuliza kama nembo ya chuo inakatwa katikati. Elisha akasema hairuhusiwi. Ndipo Carlota akamwonyesha nembo za mama yake, shavu la kushoto lililokatwa na ukingo wa karatasi, mistari imebaki nusu, na akamwambia kwamba nayo ni nembo, ina fundi wake, ina jina lake, na aliyeibeba alilala siku nyingi uso umevimba ili ipone vizuri. Na mwathirika ni nani? Mama yake aliathirika na malaria na uzee, basi.

Kijana alikuwa ametahayari mpaka masikio, na aliyetahayari wakati mwingine huuma. Akasema, sauti chini lakini ikasikika, kwamba yeye hupita Chikongola kila siku, na pale saluni kwa mama kuna bango la mwanamke mweupemweupe mwenye rasta ndefu. "Yule naye uliomba?"

Zuhura akaitazama dari. Bango lile lilikuja na fundi wa mabango, tayari lina sura, na hakuna aliyewahi kujiuliza yule dada ni nani.

"Sikuomba," Carlota akasema. "Nitamshusha. Lakini sikumwandikia chini kuwa ni mwathirika."

Wakati huo mwalimu Raheli alikuwa amefika mlangoni, mama wa Bukoba, mfupi, mwenye sauti isiyopanda hata akikasirika. Akasikiliza maelezo ya Carlota mpaka mwisho, jambo ambalo lilimnyima Carlota raha ya kukatizwa. Akasoma maandishi ya chini ya picha. Akafumba macho kidogo, kama mtu aliyeng'ata jiwe kwenye wali.

Akamwuliza Elisha, mbele ya wote, alifundishwa nini darasani kuhusu picha. Elisha akajibu kama anayesoma: kwamba picha ina aliyeipiga, aliyeipiga huombwa ruhusa na huandikwa jina, na mahali ilipotoka hutajwa.

"Na mtandao ni nani?"

Elisha akarekebisha tai yake.

"Mtandao ni soko, Elisha. Ukiulizwa umenunua samaki kwa nani, unajibu umenunua kwa soko?"

Huku na huko ukumbini wanafunzi walikuwa wakirudi kinyumenyume kila mmoja kwenye bango lake, wakisimama mbele ya maandishi ya chini na kuyaziba kwa migongo. Mmoja alikuwa tayari na kalamu. Mwalimu Raheli aliwaona wote. Akasema kila aliyeandika mtandao atamkuta hapo hapo alipo, asisogee. Halafu akamgeukia Carlota, akamwomba radhi kwa niaba ya chuo, na akamwamuru Elisha aishushe ile picha. Kesho wageni na watoa alama wanakuja. Ukuta utabaki mtupu, na alama zake zitakuwa hivyo hivyo.

Elisha akapanda kwenye kiti. Akabandua gundi ya kona ya juu, karatasi ikakunjika, ikamwangukia Bibi Celia usoni, ikamfunika jicho moja.

"Acha," Carlota akasema.

Hakujua kama angesema hivyo. Alikuja kwa nia ya kuichana ile karatasi vipande vipande, na njiani alikuwa ameshaichana mara nyingi. Lakini kaburi la Mahurunga lina msalaba wa mti tu, na mvua imeshafuta jina. Nyumbani picha ya mama yake ni ile ya simu, ndogo kama biskuti. Hapa mama yake alikuwa na ukuta mzima, na watu wakija kesho, watu wa ofisini, wazazi, wenye tai zao, wangelazimika kumwinulia shingo. Akaona uchungu kumshusha. Akaona uchungu zaidi kumwacha bila jina.

Akasema mama yake abaki, ila huo upuuzi wa mwathirika ufutwe, na jina lake liandikwe lote, Celia Nantimbo, wa Mahurunga. Hilo tu. Akiandikwa jina, yeye anarudi zake kazini.

Mwalimu Raheli akasema hilo linawezekana kabisa, na ndilo la haki. Akatoa kalamu. "Na picha alipiga nani?"

"Mimi ndiye mtoto wake."

"Najua, mama yangu. Nauliza nani alishika simu."

Carlota akatazama upande wa dirisha. Zuhura, ambaye hawezi kuona swali likiteseka, akajibu: "Mateus."

Mateus alikuwa mdogo wake Carlota, tumbo moja, na walikuwa hawasemezani. Mama yao alipofariki, Mateus alikuwa ng'ambo, Palma, na mto ulikuwa umefurika hakuna chombo kilichovuka. Alituma neno asubiriwe. Carlota hakusubiri. Katekista alikuwa na safari, mvua ilikuwa inaharibu kaburi, na wanawake walikuwa wamechoka, hizo zilikuwa sababu zake na bado ndizo sababu zake. Mateus alifika akakuta udongo umeshapigwa na maua yamelala. Akasema maneno mbele ya waombolezaji, Carlota akamrudishia makubwa zaidi, na mwisho akala kiapo ambacho Mahurunga nzima ilikisikia: siku atakayomwomba Mateus kitu, hata maji ya kunywa, wajue amerukwa na akili.

Mwalimu Raheli hakuyajua hayo. Alieleza tu, kwa ile sauti yake ya chini, kwamba jina la mama Carlota anaweza kulitoa, lakini picha ni kazi ya aliyeipiga. Mwenye kuitoa ni yeye. Bila ruhusa yake wangekuwa wanafanya yale yale ya Elisha, kwa mwandiko mzuri zaidi.

"Kwa hiyo mama yangu mimi, nimwombe mtu?"

"Mama ni wako. Picha ni yake."

Carlota akamkasirikia mwalimu, kwa sababu alikuwa karibu. Akamkasirikia Elisha kule juu ya kiti, bado ameshikilia kona ya karatasi kama mtu anayeanika shuka. Akamkasirikia Zuhura, ambaye tayari alikuwa anapekua simu yake na kusema kwamba namba ya Mateus anayo, alipewa na shangazi yao, si kwa ubaya. Namba ikaita.

Simu ya Zuhura ilikuwa imeharibika ile sehemu ya kusikilizia, haisikiki mpaka iwekwe spika. Watu wa Chikongola wanasema iliharibika kwa kutumika. Kwa hiyo ukumbi mzima ulisikia ikiita, ukasikia kelele za kivukoni Kilambo, kwenye Mto Ruvuma, watu wakigombania mizigo, na sauti ya mwanamume ikiuliza ni nani.

"Mimi," Carlota akasema.

"Nani kafa?" Mateus akauliza.

"Hajafa mtu."

"Basi umekosea namba."

Carlota akamweleza, haraka haraka, kama anayekabidhi mzigo usio wake: chuo, ukuta, kijana wa Singida, picha ya mama. Mateus hakumkatiza. Alipomaliza, Mateus akauliza kama ni ile ile ya fesibuku. Akaambiwa ndiyo. Akasema aliiona siku ile ile ilipowekwa.

"Niliiona nikajua umenikata."

"Nimekukata nini?"

"Usinifanye mtoto, dada."

Wanafunzi hawakuelewa, wala Zuhura, na Zuhura kutoelewa ni jambo la nadra. Carlota alielewa. Picha nzima ilikuwa pana. Jua la jioni lilikuwa mgongoni kwa Mateus alipoipiga, na kivuli chake kilianguka mkekani, kikapanda magotini kwa mama yao, kichwa na mkono ulioinua simu. Siku ya arobaini, kabla ya kuiweka fesibuku, Carlota aliikata kwa kidole gumba. Akatoa mkeka, akatoa mihogo, akatoa kivuli chote, akabakiza mama peke yake. Alijisikia vizuri sana. Alidhani hakuna atakayejua.

"Kumzika hukuningoja," Mateus akasema. "Nikajiambia mto, mvua, sawa. Hata kivuli? Kivuli changu kilikukosea nini?"

Carlota alikuwa na majibu. Kwa muda wote huo alikuwa akiyasema mbele ya kioo cha saluni wateja wakiondoka, na yalikuwa makali, yamepangika. Angeweza kuyatoa yote pale, halafu akakata simu, na nusu ya ukumbi ingempigia makofi. Akamtazama mama yake, jicho moja chini ya karatasi iliyokunjika. Kesho, kama si hivyo, ukuta mtupu.

"Mateus," akasema. "Naomba."

"Sisikii. Kuna pikipiki."

Alikuwa anasikia. Kila mtu alijua kwamba anasikia. Zuhura akaziba mdomo kwa pindo la kanga.

"Naomba picha ya mama," Carlota akasema kwa sauti ya kutosha mpaka Kilambo bila simu. "Nakuomba wewe. Umesikia sasa, au nije nikuombee huko?"

Kivukoni mtu alikuwa akilalamika kuhusu mbuzi wake. Mateus akamngoja mbuzi apite.

"Iwekwe nzima."

"Itawekwa nzima."

"Na jina la mama lote."

"Siondoki hapa mpaka liandikwe."

"Na bado nina hasira na wewe."

"Na mimi ninazo zangu, usidhani zimeisha."

"Haya," Mateus akasema, akakata.

Picha ikaingia kwenye simu ya Zuhura muda si mrefu. Elisha alishuka kitini, na wale wa dirishani wakaja wakabanana vichwa. Pale ilikuwepo mihogo, mkeka, na kivuli kirefu cha mtu aliyeinua mkono, kimemlalia Bibi Celia magotini. Bibi Celia alikuwa amekielekezea kisu cha kumenyea, akimfukuza mpiga picha. Carlota aliyasikia upya maneno ya siku ile: We ntoto, nitolee kivuli chako, sioni mihogo yangu.

"Kumbe anacheka," Elisha akasema.

"Ulidhani anafanya nini?"

"Nilidhani analia. Ndiyo maana niliandika vile."

Carlota akageuka kuitazama tena ile picha iliyokatwa ukutani. Aliyekitoa kile kivuli kilichomchekesha mama yake hakuwa Elisha. Hilo halikumpunguzia hasira hata kidogo. Lilimwongezea mtu mmoja wa kumkasirikia, na huyo hakuweza kumpigia kelele mbele ya watu.

Mwalimu Raheli akamwambia Elisha kwamba bango lote litaandikwa upya, na kichwa cha kazi kitafutwe kingine, na leo hakuna kwenda kula. Kisha akawaendea wale waliokuwa wameziba mabango kwa migongo. Elisha akatoka na simu ya Zuhura kwenda kuchapisha, akarudi na karatasi mpya ikiwa bado ina joto, akaibandika, safari hii kingo zote zikiwepo. Carlota alisimama nyuma yake mikono kiunoni. Zuhura akakaa chini, akaomba kiti, akaomba maji.

Elisha akaandika Selia. Carlota akamfutisha, akaandika Celia. Akaandika Nantimbo, wa Mahurunga. Carlota akamwambia aongeze: nembo zimechanjwa na fundi Nankali, Mueda. Elisha akamtazama mwalimu, mwalimu akaitikia kwa kichwa, akaongeza. Halafu akaandika: Picha imepigwa na Mateus Nantimbo. Hapo kalamu ikasimama hewani.

"Niandike kwa ruhusa yake, mama? Lile neno la hisani niliache?"

"Liandike," Carlota akasema. "Hii nimeiomba. Mashahidi hawa hapa."

Akasubiri mpaka herufi ya mwisho, akaisoma kwa kidole kutoka mwanzo, akamrudishia Zuhura simu yake na kumwambia ainuke, wateja wanangoja na upande mmoja wa kichwa haujasukwa. Mlangoni akageuka.

"Na wewe Elisha, kesho ukimaliza na wageni wako, uje Chikongola na ngazi. Kuna mtu wa kushusha."